Siku Nilipomrudisha Fundi Masoud

Mwanangu Suleiman,

Niwie radhi kwa kimya changu. Siku ishirini na moja tumeishi nyumba moja na kula chakula cha sufuria moja, na mimi sikukuambia ila “chakula tayari” na “funga mlango”. Wewe ulijaribu mara mbili kunisemesha, nikageuza uso. Mtu wa umri wangu hana udhuru wa kufanya hivyo, na sitafuti udhuru.

Kofi nalo nakuomba radhi. Nilikupiga mbele ya bibi yako na mbele ya daktari, ukajigonga mdomo kwenye ukingo wa mlango, damu ikadondokea shati lako jeupe. Nimelifua mwenyewe mara tatu na doa halikutoka. Nimelitia katika begi lako hivyo lilivyo.

Naandika baada ya sala ya Alasiri. Wewe umekwenda kuwaaga rafiki zako. Kesho asubuhi unapanda boti kwenda Dar es Salaam kuanza kazi katika gari la wagonjwa. Habari za kula, kufua na kulala sitaziandika, maana shangazi yako atakusimamia huko, na wewe si mtoto. Nitaandika jambo moja tu, nililokuficha kwa miaka kumi na miwili. Ndilo lililonyanyua mkono wangu siku ile.

Siku ile daktari alikuja na karatasi ya bibi yako. Unajua kwamba moyo wake umechoka na maji yanamjaa mapafuni, na kwamba daktari amekwisha kutuambia hautapona. Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba iandikwe: moyo wake ukisimama, asikandamizwe kifua, asitiwe mpira kooni, asiondolewe kitandani kwake hapa Ng'ambo. Lilibaki dole gumba lake, na saini yangu mimi mwanawe wa pekee, niwe shahidi. Ukaichukua karatasi mkononi mwa daktari ukaichana vipande vinne. Ukasema, “Miye nnakwenda kuokoa roho za watu, na kwetu mnaandikiana kufa?” Kisha ukanigeukia mimi. “Na weye mama ndiye uliyemrudisha Fundi Masoud. Mji mzima unajua. Leo umekuwa mwoga?”

Hapo ndipo nilipokupiga. Hukunitukana, Suleiman. Ulinisifu.

Ulipokuwa na umri wa miaka tisa ulikuwa ukiwasimulia wenzako skuli kwamba mama yako alimrudisha mtu aliyekwisha kufa, mchana kweupe, katikati ya Sokomuhogo. Nilikusikia ukisimulia. Sikukusahihisha, mimi niliyekuwa nikikusahihisha kila neno. Najua kwamba kazi unayoiendea umeichagua kwa sababu ya kisa hicho. Basi kisome kizima kabla hujaianza.

Miaka kumi na moja nilikuwa muuguzi katika gari la wagonjwa la kliniki moja ya watu binafsi, ambayo imekwisha kufungwa. Tulikuwa wawili, mimi na Bwana Othmani, dereva, ambaye pia alishika upande mmoja wa machela. Aliyetufunza kazi alituamuru tusisome karatasi yoyote mlangoni, kwa kuwa moyo uliosimama haungoji msomaji. Amri ya pili hakuna aliyetupa, tuliipata wenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza tulimkuta mzee mmoja amekwisha kufa na amekwisha kuwa baridi, nikawaambia wanawe ukweli. Walimpiga Othmani kwa mguu wa kiti mpaka ukakatika. Walivunja vioo vyote vya gari. Mimi nilishikwa ushungi na nywele zilizokuwa chini yake, nikaburutwa mpaka barazani. Tokea siku hiyo hatukumwacha mtu yeyote nyumbani. Aliye hai na aliye maiti, wote tuliwakandamiza vifua njia nzima mpaka hospitali, ili watu watuone tunafanya kazi. Maiti wangapi niliwavunja mbavu kwa ajili ya vioo vya gari, sijui.

Na nilikuwa na tabia yangu nyingine. Babu yako alinilea kuzichukia hirizi, na hilo silijutii. Lakini mimi nilizidisha. Kila mgonjwa tuliyemkuta na kitambaa cheusi shingoni au mkononi, nilikikata kwa mkasi wa kazi na kukitupa katika mfuko wa taka, hata pale ambapo hakikunizuia chochote. Wenyewe wakilia nilikuwa nikiwajibu, “Hicho hakimtibu.” Othmani alinitania kila mara.

“Muuguzi, iko siku utakata hirizi, jini mwenyewe akufuate mpaka kliniki.”

“Akija apange foleni,” nilimjibu.

Fundi Masoud alikuwa mshonaji wa kanzu na makoti. Duka lake lilikuwa Sokomuhogo, na yeye alikaa ghorofa ya pili juu ya duka. Alikuwa na saratani iliyoanzia mapafuni na kuingia katika mifupa. Aliyemuuguza ni mkewe wa pili, Bi. Rahma. Mwanawe Nassor, wa mke wa kwanza aliyefariki, alikuwa amerudi kutoka Muscat wiki hiyohiyo, na hakuwa amemwona baba yake kwa miaka sita. Alimwacha mtu mnene mwenye sauti, akamkuta mifupa na macho. Nassor ndiye aliyetuita, baada ya Adhuhuri.

Gari haliingii Sokomuhogo, vichochoro ni vyembamba. Tuliliacha Mkunazini tukakimbia na machela na begi katikati ya watu. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao, za mwinuko mkali, nyembamba hata mabega ya Othmani yalikwaruza ukuta huku na huku. Juu tulikuta mlango umevunjwa bawaba. Nassor alikuwa amesimama hapo na mchi wa kinu mkononi. Bi. Rahma alikuwa amekomea kwa ndani, na Nassor ndiye aliyeuvunja mlango kwa mchi huo.

Fundi Masoud alikuwa amelazwa akaelekezwa kibla. Mkewe alikuwa amepiga magoti ubavuni pake, anamdondoshea maji mdomoni kwa pamba na kumtamkia shahada pole pole, ili aifuate. Baada ya kila neno alingoja. Hakuangalia mlango wala sisi.

“Baba yangu hajafa,” alisema Nassor. “Na akifa mkononi mwenu, hamteremki ngazi hizi.”

“Mwacheni,” alisema Bi. Rahma. “Mwenyewe kakataa.”

“Nyamaza weye. Ushamuua kwa pamba na maji.”

Nassor alimshika kanga ya mabega, akamvuta, akamtupa. Kichwa chake kikapiga chuma cha cherehani kilichokuwa pembeni, akaanguka sakafuni. Mimi sikumwendea. Nilitia vidole viwili shingoni mwa mumewe. Mshipa ulikuwa unapiga kwa mbali sana, kisha ukasimama chini ya vidole vyangu.

Nilichana fulana. Kifuani, juu ya moyo, kulikuwa na kitambaa cheusi cha ukubwa wa kiganja, kimeshonwa pande zote nne na kufungwa kwa uzi uliozunguka mgongoni. Nikaukata uzi, nikakitupa katika mfuko wa taka, kama kawaida yangu.

“Si hirizi ile,” alisema Bi. Rahma kutoka chini. Damu ilikuwa inampita juu ya jicho. Hakupiga kelele, alisema kwa utaratibu, kama mtu anayemsomea mtoto imla. “Ni karatasi ya daktari. Kaishona fundi mwenyewe, Ijumaa, kwa mkono wake. Kaambiwa watu wa gari hawafungui droo wala hawamuulizi mtu, akasema basi ntaivaa. Ifungue uone.”

Kwa miaka kumi na miwili nimesema kwamba sikusikia. Niliandika hivyo katika ripoti. Nilimwambia hivyo mkuu wangu, na nikamwambia Othmani, aliyekuwa amesimama hatua moja nyuma yangu na ambaye naye alisikia. Nilisikia, Suleiman, kila neno. Mkasi ulikuwa ungali mkononi mwangu na mfuko ulikuwa mbele ya goti langu. Kuufumua mshono ule kungechukua muda wa kuvuta pumzi tatu.

Niliutazama mchi wa Nassor. Nikaweka mikono yangu juu ya kifua cha mzee, nikakandamiza.

Usidhani ulikuwa mchi peke yake. Nilimtazama pia mwanamke yule aliyekuwa chini, nikajiambia: nikubali mbele ya watu hawa kwamba nimetupa kitu nisichokijua? Sikuweza. Mchi ungenivunja mkono tu. Hilo la pili liliniendesha dakika ishirini.

Mbavu za kwanza zilivunjika katika mkandamizo wa tatu. Utausikia mlio huo kazini, na mara nyingi hutatakiwa kusimama, maana mbavu huunga. Mifupa ya Fundi Masoud ilikuwa imekwisha kuliwa na maradhi. Ilivunjika yote pamoja, kama dagaa wakavu ndani ya ngumi. Kifua kikaingia ndani na hakikurudi, nami nikaendelea kukandamiza ndani ya shimo lile. Povu jekundu lilimtoka puani na kinywani. Kila nilipobonyeza, miguu yake ilirusharusha shuka, na Nassor akawa anasema, “Anatikisika, anatikisika,” mpaka alipoelewa kinachomtikisa. Akatoka, akatapika ngazini.

Tulimfunga kwenye machela. Othmani alitangulia chini, Nassor akashika juu, mimi ubavuni na mfuko wa kupumulia. Nassor aliteleza juu ya matapishi yake mwenyewe. Machela ikamponyoka, na baba yake akashuka ngazi nane kwa kichwa mpaka alipozuiwa na kifua cha Othmani. Nilimsikia Othmani akiguna kama mtu aliyepigwa teke na punda. Hakuiachia.

Chini, tulimlaza juu ya mawe ya njia, mbele ya duka lake, kwa sababu hakukuwa na pengine. Watu wa barazani walisimama. Wauzaji walisimama.

“Kapima watu mji mzima,” alisema mmoja, “leo kapimwa yeye.”

“Nyamaza, huna adabu.”

“Kwani uongo? Koti langu la harusi analo yeye mpaka leo.”

Wengine walikuwa wananihimiza kama walio uwanjani: “Kaza, dada, kaza! Mpe!” Nikakaza. Nilitoa begini mashine ya kushtua moyo, nikaiweka juu ya ngozi iliyokwisha kuwa zambarau, mwili ukaruka, kichwa kikapiga jiwe. Nikarudia. Mara ya tatu moyo wake ulirudi. Watu walipiga takbiri. Mwanamke nisiyemjua alinikumbatia akanibusu shingoni, na Nassor alipiga magoti akalia, akanishika miguu. Hapo ndipo kisa kilichokufikia skuli kilipoishia.

Lakini Fundi Masoud alifungua macho. Alinitazama. Akautafuta mkono wake wa kulia, akauleta kifuani, mahali kitambaa kilipokuwa. Vidole vikapapasa ngozi tupu. Vikapapasa tena, juu kidogo, kisha chini kidogo, kama anayetafuta kifungo gizani. Halafu akanitazama tena, na mimi nikatazama begi.

Aliishi siku nne. Alitiwa mpira kooni akaunganishwa na mashine. Siku ya pili aliung'oa mpira kwa mkono wake, damu ikaruka mpaka ukutani, wakamrudishia na kumfunga mikono kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Nilikwenda kumtazama nikiwa na sare zangu. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda mbele na nyuma juu ya shuka, mbele na nyuma, bila kusita. Nassor alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha. Hakunishukuru tena.

“Muuguzi, hizi bendeji mpaka lini?”

“Muulize daktari,” nilisema.

“Nshamuuliza. Kasema zikifunguliwa ataung'oa.” Akaitazama mikono ya baba yake. “Mwenyewe anataka kuung'oa, sivyo?”

Nilitoka nje. Siku ya nne Fundi Masoud alikufa, na mikono yake ilikuwa ingali imefungwa.

Nilikwenda kuhani siku ya tatu ya msiba. Nilivaa vizuri na nilijiona nafanya jambo la heshima. Bi. Rahma alikuwa ameanza eda, amekaa juu ya mkeka na nyuzi tano za daktari juu ya nyusi. Alikuwa amemwosha mumewe mwenyewe, kwa kuwa mke anaruhusiwa, na Nassor ndiye aliyemmiminia maji.

“Karibu, muuguzi,” alisema. “Nipe mkono.”

Nilidhani ni mkono wa kupeana. Aliuchukua akauingiza chini ya kanga yake, akaubandika kiganja kwenye mbavu zake mwenyewe, mbele ya wanawake wote.

“Hapa umemvunja,” alisema, akauhamisha. “Na hapa. Na hapa. Hapa palikuwa hapana kitu, mkono wangu umezama mpaka kwenye kifundo. Maiti hukalishwa kidogo, aminywe tumbo kwa taratibu, unajua. Wetu hakukalika. Tukimwinua anakunjika. Nassor kaweka kata chini, katoka nje kajipiga kichwa ukutani.” Hakuwa analia. “Sikuombi kitu. Nnataka uujue mkono wako, kwa sababu huko njiani wanakushukuru.”

Akauachia mkono wangu. Akatoa chini ya mto kitambaa cheusi kilichofumuliwa. Othmani alikuwa amekitoa katika mfuko wa taka na kumrudishia bila ya kuniambia. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Moyo ukisimama, asikandamizwe kifua. Asitiwe mpira wa pumzi. Apewe dawa ya maumivu. Abaki nyumbani. Jina la daktari, saini yake, na chini yake saini ya mgonjwa, herufi zimesimama wima na kulingana. Nikaisoma mpaka mwisho, nikaikunja kama ilivyokunjwa.

Nikasema, “Sikukusikia, Bi. Rahma.”

Aliichukua karatasi akairudisha chini ya mto.

“Haya,” alisema. “Kunywa kahawa yako.”

Nikainywa. Sijapata kuona aibu kama ile, na niliimeza pamoja na kahawa, nikaondoka. Mara mbili baadaye nilifika mpaka chini ya nyumba yake nikiwa na nia ya kusema kweli, nikarudi. Bi. Rahma alifariki mwaka jana. Sikumwambia. Wewe ndiye mtu wa kwanza.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Mkuu wangu alinionya mara tatu kwa kukawia mlangoni, nikazipokea barua zake na kuendelea kukawia. Nataka ujue kwamba kusoma hakukunifanya niwe mpole. Haukupita muda tukaitwa Jang'ombe. Mume aliniwekea karatasi mbele ya macho akaapa kwamba mkewe asiguswe, daktari ameandika. Nikaisoma. Ilikuwa ni ruhusa ya kutoka hospitali, ya miaka mitatu nyuma, ya mguu uliovunjika. Nikamtazama mke: alama za vidole vinne upande mmoja wa shingo, na cha tano upande wa pili. Nilimpandia kifuani na kukandamiza, na mume akanipiga mgongoni kwa buli la bati, chai ya moto ikanimwagikia, mpaka Othmani alipompiga kichwa akaanguka. Mwanamke yule anauza maandazi mpaka leo, na tukikutana ananiamkia. Mbavu zake nilizivunja pia. Mbili.

Kwa hiyo sikuambii utii kila karatasi utakayopewa. Angalia jina ni la nani, nani ametia saini, na anayekupa anatazama wapi.

Nimejiuliza mara nyingi kilichokuwa kimebaki cha kufanya katika chumba kile. Kwa Fundi Masoud, hakuna. Yeye alikuwa amekwisha kujipangia, akashona na mishono. Aliyekuwa anahitaji muuguzi alikuwa Nassor. Mtu aliyeuvunja mlango ili amwone baba yake angeweza kuambiwa, “Weka mchi chini, njoo umshike mkono, ungali na joto.” Labda angenipiga. Ningepona.

Nilipokuona umeshika vile vipande vinne vya karatasi nilimwona yeye mlangoni, na nikakupiga wewe kwa kosa langu mimi. Halafu nikakaa kimya siku ishirini na moja, na kimya hicho kimeleta jambo ambalo hujalijua bado.

Jana asubuhi nilikuwa nampaka bibi yako mafuta miguuni. Imevimba hata ukibonyeza kidole shimo linabaki. Akaniuliza, “Suleiman kasemaje?”

“Kuhusu nini, mama?”

“Karatasi yangu.”

Nikamwambia hujasema kitu.

“Basi mwambie daktari asilete nyingine. Waniponde tu. Mbavu zenyewe nshazitumia miaka themanini na mbili, zitawafaa nini wadudu?” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega mpaka kilipopita. Midomo ilikuwa ya buluu.

“Mwenyewe unataka hayo?” nilimuuliza.

“Nani atake hayo? Nnachotaka mtoto asiondoke na kinyongo juu yangu. Mwache anione nshapigania.”

Amekubali avunjwe ili wewe usikasirike. Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Niliwahi kumvunja mtu aliyekataa. Sasa nina mama yangu mzazi anayejitoa avunjwe kwa hisani, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Boti inaondoka saa moja. Bibi yako huwa macho tangu alfajiri. Ingia kwake, umwamkie, ukae kitandani, umuulize anataka nini siku hiyo ikifika. Pumzi zake ni fupi. Atasimama katikati ya maneno. Usimmalizie. Usilie mpaka utoke, kwa sababu akikuona unalia atakupa jibu lako badala ya lake. Sikulazimishi ukubali. Ukitoka humo ungali unakataa, niambie palepale mlangoni, na mimi sitageuza uso wala sitanyanyua mkono.

Daktari amekwisha kuandika nyingine. Atakuja nayo Alhamisi, na mimi sijui bado kama nitaweza kutia saini. Nataka ujue ninachokiogopa. Kifo chake sikiogopi, maana amejiandaa kuliko sisi. Naiogopa siku yenyewe. Majirani watajaa, mtu atapiga simu, watu wa kazi kama yako watapanda ngazi na begi lao, na mimi nitatakiwa nisimame mbele ya kitanda niseme maneno machache kwa utulivu, kwa mtu mwenye haraka na mkasi. Nimemwona mwanamke mmoja akiyasema hivyo huku damu inamwingia jichoni. Mimi sijui kama ninao moyo huo.

Alhamisi nitamuuliza bibi yako mara moja, mbele ya daktari, bila ya kumshauri. Akitaka karatasi au asiitake, na nikitia saini au nikishindwa, nitakaa palepale kando ya kitanda chake nikuandikie kabla jua halijatua, na maneno yake nitayaweka kama alivyoyatamka.

Mama yako